Walisema mimba, kumbe korosho! Safari yangu ya Newala

WIKI hii, mpenzi msomaji, nataka nikusimulie habari ya ulevi wangu. Usishtuke, si bia wala si zile mambo za vijiweni. Ulevi wangu mimi ni korosho. Tena si korosho za harusini zile za kuokota mbili tatu kwa aibu huku unaangalia nani anakuona. Mimi nilifikia mahali nikimwona kijana wa kutembeza pale kwenye mataa, mate yananijaa mdomoni kabla hajanitajia bei.

Mambo yenyewe yalianza mwaka 2022, kama mwezi wa nne hivi. Nilikuwa nimepanga chumba kimoja Mbagala, nafanya vibarua vya kuandika andika huku na kule. Si unajua tena kazi zetu hizi, stori unapeleka leo, hela unaipata mwezi ujao Mungu akipenda. Asubuhi nikishuka Posta, kipakti cha korosho cha shilingi 1,000. Mchana kingine. Jioni nikiwa kwenye foleni ya Barabara ya Kilwa, dirishani nanunua cha tatu. Siku ikipita bila korosho nakuwa mkali kama pilipili kichaa, kichwa kinagonga, sitaki kusalimiwa na mtu.

Basi bwana, nyumba za kupanga hazina siri. Mama mwenye nyumba wangu alinitazama siku moja kuanzia kichwani mpaka miguuni, akaniuliza, "Mwanangu, hiyo ya miezi mingapi?" Nikacheka. Akasema, "Cheka tu, sisi tumezaa." Mpaka magharibi uani kote wanajua mimi ni mjamzito, isipokuwa mimi mwenyewe.

Shoga yangu wa chumba cha pili yeye alikataa habari ya mimba. Akasema nina mtu kichwani, yaani jini, na huyo jini ndiye anayedai korosho, nimtafutie ubani. Fundi cherehani wa pale nje, msomi wetu wa mtaa, akasema hapana, amesoma mahali kwamba ukipenda sana korosho ujue mwilini umepungukiwa madini ya magnesiamu. Na mshikaji wangu wa wakati huo? Aliposikia neno mimba, siku tatu simu haipokelewi! Nadhani alikuwa bado anahesabu tarehe.

Wapimaji wote hao hakuna hata mmoja aliyepatia. Kipimo chenyewe kilikuja mwezi wa nane, siku nilipoanguka ndani ya daladala.

GRAMU NANE

Nilikuwa nimesimama, nimeshika bomba, mara nikaona giza linaanzia pembeni linakuja katikati. Nilipozinduka nimelazwa kwenye benchi la kituoni, mama mmoja ananipepea na kanga. Watu wema wakanifikisha kwenye zahanati moja hapo jirani.

Mimba wakapima, hakuna. Malaria, hakuna. Damu: gramu 8.4. Mwanamke asiye na mimba akiwa chini ya 12 anahesabiwa kuwa na upungufu wa damu, sasa mimi nilikuwa nimeshuka ngazi hizo zote bila kujua. Kuchoka nilikuwa nachoka, ngazi za ghorofa ya tatu nilikuwa napumzika mara mbili, nikadhani ndiyo maisha ya Dar hayo.

Nikamwambia daktari habari ya korosho, nikitegemea atasema, ahaa! Wala hakushtuka. Akaniuliza swali lingine kabisa: "Udongo unakula?" Nikasema sijawahi. "Barafu je?" Hapo nikanyamaza. Maana nikinunua juisi ya ukwaju nilikuwa naimaliza haraka nifike kwenye barafu, naitafuna kwakwakwa mpaka wenzangu wanaziba masikio. Hakuna aliyeniuliza mimba kwa sababu ya barafu.

Daktari akasema hiyo ndiyo alama. Mtu aliyepungukiwa madini ya chuma mara nyingi hutamani vitu ambavyo si chakula, kama barafu, udongo, au mchele mbichi. Wale dada zetu wanaonunua udongo sokoni, hasa wajawazito, wengi wao wanatakiwa wapimwe damu, siyo kuchekwa, kwa sababu udongo wenyewe unaweza kuzuia chuma kuingia mwilini na pia kuwapa minyoo. Korosho ni chakula, tena kizuri, ina protini, ina mafuta mazuri, na hiyo magnesiamu ya fundi cherehani ni kweli imo tele. Ila kuitamani si barua kutoka mwilini kwamba umepungukiwa kitu fulani. Mtu anaweza kuitamani kwa sababu ya chumvi, ya mafuta, ya mazoea, au ya kumbukumbu tu.

"Chuma imo pia?" nikauliza. Akasema imo, lakini kiganja kimoja cha korosho kina kama miligramu 2 hivi, wakati wataalamu wa Marekani wanashauri mwanamke wa umri wangu apate 18 kwa siku. Na hata hizo 2, mwili haupati zote. Ukiteremshia na chai ya rangi, kama nilivyokuwa nafanya mimi, ndiyo unazidi kuharibu, kwa kuwa chai inazuia chuma.

Akaandika vidonge. Halafu akaniuliza, "Lakini unakula vizuri?" Nikajibu ndiyo, kama tunavyojibu sote.

RUFIJI MPAKA MTWARA

Bi mkubwa alipopata habari akaamua nikapumzike kwa bibi Newala, anakotoka yeye. Na bibi mwenyewe alikuwa ameshapiga simu: "Mwambie mke mwenzangu aje, korosho zinaanguka na mgongo wangu haupindi tena." Mimi huyo, niende mahali korosho zinaokotwa chini bure? Nilipanga begi siku hiyo hiyo. Zaidi ya hapo, sikuwa nimekanyaga Newala kwa miaka tisa.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja. Basi nililipandia Rangi Tatu alfajiri. Ukishapita Kongowe na Vikindu mji unaanza kukuachia, unaingia Mkuranga, na hapo mikorosho inaanza kusimama mabarabarani. Kibiti, Ikwiriri, halafu Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji, karibu kilomita nzima. Daraja hilo lilifunguliwa mwaka 2003. Bi mkubwa husimulia kwamba kabla ya hapo ilikuwa kivuko cha Ndundu, na mvua zikichachamaa mtu wa kusini analala njiani, siku ya pili bado, ya tatu bado. Mimi nililivuka nikiwa nasinzia. Nikajisikia vibaya kidogo.

Somanga ukiingia, samaki wa kukaanga madirishani. Nangurukuru, ile njia panda ya Kilwa. Lindi unaiona bahari imekaa pembeni kama inakusubiri. Pale Mnazi Mmoja, njia ya Masasi inapokata kulia, wakaja wauza korosho, nikanunua pakti mbili. Mama niliyekaa naye akanicheka, "Binti, unakwenda kisimani na ndoo ya maji?" Nikamwambia bado hajanijua.

Nililala kwa mama mdogo Mtwara mjini, kesho yake nikapanda kosta ya Newala kupitia Nanyamba na Tandahimba. Wakati ule lami iliishia njiani, baada ya hapo ni vumbi jekundu mtindo mmoja, nilishuka nina nywele za rangi ambayo saluni wangenitoza elfu thelathini. Lakini macho yangu hayakuchoka. Mikorosho kushoto, mikorosho kulia, matawi yameinama mpaka chini kama mwanamke anayefagia, na chini yake watu wameinama nao. Gari zima linanukia mabibo. Sisemi Mabibo ile ya Dar, nasema tunda lenyewe, jekundu na la manjano, ambalo korosho inaning'inia mkiani mwake kama hereni.

Newala iko ukingoni mwa uwanda wa Makonde, juu kabisa. Jioni kuna baridi ya kutafuta sweta. Ukienda pale wanapopaita Shimo la Mungu, ardhi inakatika ghafla mbele ya miguu yako, unatazama bonde lote la Ruvuma chini, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Nilisimama pale mpaka kizunguzungu kikaanza, sijui cha bonde au cha damu.

MKE MWENZA

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mke mwenzangu. Mbona umebaki mifupa? Mume wetu atakukataa huyu." Babu alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua korosho, akasema yeye hakatai mtu.

Kesho yake alfajiri nikakabidhiwa ndoo. Hapo ndipo nilipojua kuwa nilikuwa nakula kitu nisichokijua. Korosho haiangukwi, inasubiriwa. Tunda likikomaa linaanguka lenyewe, wewe unainama, unaokota, unakinyonga kile kichwa, bibo huku, korosho huku. Unainama tena. Mkorosho mmoja, wa pili, wa kumi. Saa nne nilikuwa nimekaa chini ya kivuli nahema, na bibi wa miaka sabini na kitu bado anazunguka.

Baada ya hapo zinaanikwa juani siku kadhaa, zinachambuliwa daraja, zinatiwa magunia zinapelekwa chama cha msingi, zinasubiri mnada. Utaratibu huo wa stakabadhi ghalani ulianza mwaka 2007. Msimu ule bei ilikuwa inacheza kwenye shilingi 2,000 kwa kilo ghafi. Sasa piga hesabu nami: kilo nne au tano za ghafi zikibanguliwa ndiyo unapata kilo moja ya hizi nyeupe, na hiyo kilo moja Kariakoo nilishainunua kwa 24,000. Katikati hapo kuna watu wanakula, na bibi yangu si mmoja wao. Sehemu kubwa ya korosho za nchi hii inapandishwa meli ikiwa na maganda yake, kwenda kubanguliwa India na Vietnam.

Mti wenyewe ni mgeni. Kwao ni Brazili, Wareno ndio waliouleta pwani yetu katika karne ya 16. Lakini watu wa kusini wameufanya ndugu, na ndugu huyo amewahi kuwatia raha na kuwaliza. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata tani 145,000. Miaka kumi na mitatu baadaye haikufika hata 20,000. Watu walihamishiwa vijijini mbali na mashamba yao, bei ikawa mbovu, na ugonjwa wa ubwiriunga ukapaka maua ya mikorosho ungaunga yakakauka. Ilibidi ije salfa ya kupulizia, na utafiti wa wataalamu wa Naliendele pale Mtwara, ndipo mikorosho ikarudi. Msimu wa 2017/18 zilivuka tani 300,000. Mwaka uliofuata, 2018, wanunuzi walipotoa bei ambayo wakulima waliikataa, Rais Magufuli akatangaza serikali itanunua kwa shilingi 3,300 na jeshi likaingia kubeba. Babu anakumbuka malori yale kama juzi.

Jioni bibi akanibangulia za kula. Msomaji, usiombe! Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi, ndiyo maana huwezi kuimenya kama karanga. Bibi alizitia kwenye kaangio la bati lililotobolewa, akaweka motoni, akaniambia nikae upande ambao moshi hauendi. Mara mafuta yakashika moto, ndimi zinaruka juu, moshi mweusi, korosho zinalia pa! pa! Akazimwaga kwenye mchanga. Kisha akapaka mikono majivu, akachukua jiwe, akaanza kuzigonga moja moja. Moja moja, nakwambia! Nikamtazama vidole. Ncha zake zilikuwa nyeusi na zimebabuka, ngozi ngumu kama kandambili. Mimi nilikuwa natupia mdomoni tatu tatu huku nachezea simu.

Na hata pale nilikuwa hivyo hivyo. Yeye anagonga, mimi nakula. Akaacha kugonga.

"Mke mwenzangu, huko Dar mchana unakula nini?"

"Korosho."

"Nimekuuliza chakula."

"Ndiyo bibi, korosho."

Akaniambia kwamba mwenye hamu ya korosho anachagua, iliyoungua anaiweka pembeni, nzima anaila taratibu. Mimi nilikuwa nakula na zilizoungua. Akasema miaka ile ubwiriunga ulipowamaliza, korosho kidogo zilizopatikana hazikuwa na bei ya maana, basi wakawa wanawapa watoto wazile mchana ili jioni wasilie. "Watoto wote walikula kama wewe. Hiyo si hamu. Hiyo ni njaa, mjukuu wangu."

Nilitaka kubisha, nikashindwa. Ukweli ni kwamba mwenye nyumba alikuwa anadai kodi ya miezi sita kwa mpigo, na tangu mwezi wa nne nilikuwa nimefuta chakula cha mchana ili niijaze. Wali maharage kwa mama lishe ulikuwa 2,000, korosho 1,000, na korosho ina kitu kingine kizuri: ukila mbele za watu hawakuoni mtu wa njaa. Wanakuona binti wa mjini anayejali afya yake. Daktari alipouliza nikasema nakula. Bi mkubwa akiuliza, nakula. Mshikaji, nakula. Watu wote walitafuta kwenye korosho zangu mimba, jini na madini, na mimi nikawaacha watafute, maana hayo yote hayakuniaibisha kama lile lingine.

Bibi hakulia wala hakunihurumia. Aliingia jikoni akatoka na ugali wa muhogo, kisamvu kilichoungwa na korosho za kusaga, na dagaa. Akanikatia na bibo moja lililoiva, maji yakanitiririka mpaka kwenye kiwiko. Baadaye nilikuja kusoma kwamba bibo lina vitamini C kuliko chungwa, na vitamini C ndiyo inayosaidia mwili kuikamata chuma ya vyakula kama vile. Yaani mti ule unakupa vyote viwili vimeshikana, sisi wa Dar tunaletewa kimoja, kingine kinabaki kusini kikiozea chini au kikitengenezwa uraka.

Nilikaa wiki tatu. Siku ya kuondoka nilipewa kilo mbili za kubangua, na sasa najua kilo mbili ni jioni ngapi za moshi. Nikaapa nikifika nitamtumia bibi hela. Si ndivyo inavyotakiwa, wa mjini amtumie wa kijijini?

Mwezi wa kwanza nikiwa Mbagala simu ikalia, ujumbe wa pesa, shilingi 80,000, kutoka kwa mjomba. Malipo ya mnada yalikuwa yametoka. Chini yake mjomba kaandika maneno aliyoambiwa aandike: "Bibi yako anasema hii ni ya mchana. Isiende kwenye kodi."

Nilikaa kitandani nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nikawaza kuirudisha, halafu nikakumbuka ule mkono na lile jiwe, nikaona kuirudisha ni kumtukana. Nikafanya kama alivyosema. Kile chumba nikakiacha, nikahamia kwa shoga yangu yule yule wa majini, kodi tunagawana. Mchana nakula kwa mama lishe, wali maharage na mboga za majani, na chungwa juu yake. Chai nimeisogeza mbali na chakula. Vidonge nilivimaliza, na hamu ya barafu iliondoka mapema kabisa, sikujua hata ilipita mlango gani. Mwezi wa pili mwaka 2023 nikapima tena: gramu 12.1.

Korosho? Ah, hizo bado nazipenda jamani, nisiwadanganye. Ila siku hizi nakula baada ya chakula, kipakti kimoja, na nikikuta iliyoungua naitoa. Mshikaji alirudi aliposikia hakuna mimba, nikamwambia huku napo hakuna nafasi.

Na wewe unayesoma hapa huku unatafuna chako, iwe karanga, ubuyu au mihogo ya kukaanga, usikimbilie kwa mganga wala kununua vidonge vya madini kwa ushauri wa kijiweni. Ukiona unachoka ovyo, unatafuna barafu au udongo, nenda kapime damu. Na rafiki yako ukimwona kila siku mchana ana kipakti tu mkononi, usimuulize mimba. Muulize amekula nini, na akikujibu haraka haraka "nimekula", muulize tena.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.